Upande wa Ndani wa Utepe

Watu wakisikia kwamba ninakusanya nishani za kijeshi za Wajerumani, huniuliza kama babu yangu alikuwa askari wa Mjerumani. Hapana. Babu yangu alikuwa fundi cherehani Morogoro, na silaha pekee aliyowahi kuishika ni mkasi. Mimi mwenyewe ni mwanamke wa biashara, naishi Guangzhou mwaka wa kumi na kitu sasa, nanunua yunifomu za shule na za walinzi na kuzisafirisha Dar. Nishani nimezipenda tu, kama wengine wanavyopenda kukusanya stempu, na sioni kwa nini nijieleze zaidi ya hapo.

Ninakusanya jozi. Kwanza nishani ya wakati wa vita vya Hitler, yenye ule msalaba wa ncha zilizopinda, swastika. Halafu mwenzake wa baada ya vita. Maana waliposhindwa, Wajerumani walikatazwa kuivaa alama ile. Miaka ikapita, serikali yao mpya ikawaruhusu askari wa zamani kuvaa nishani walizozipata, ila kwa sharti kwamba swastika iondoke. Viwanda vikazitengeneza upya. Kwenye Msalaba wa Chuma, pale katikati palipokuwa na swastika, wakaweka majani matatu ya mwaloni. Wakusanyaji wengi huzidharau hizi za badala, wanaona ni makombo. Mimi ndizo ninazozipenda zaidi. Zenye swastika zinakaa sandukuni, zimefunikwa. Zenye majani nazitundika ukutani. Ndani yake naona mtu aliyeambiwa: yaliyokupata vitani ni yako, yakumbuke, lakini uchafu huu utaushusha kifuani.

Kila Jumapili asubuhi, kwenye ghorofa ya pili ya nyumba moja ya chai upande wa Liwan, hukutana wazee sita wa Kichina wenye ugonjwa kama wangu. Aliyenipeleka kwao ni muuzaji wangu wa vifungo wa barabara ya Zhanqian, baada ya kuniona naduwaa mbele ya beji kuukuu dukani kwake. Wazee wale wana utaratibu wao. Katikati ya meza, kati ya vikapu vya maandazi ya mvuke, hutandikwa kipande cha mahameli nyeusi. Mwenye kitu hukiweka hapo, na mahameli husukumwa kuanzia kwa mkubwa wao, fundi saa mstaafu, kisha kwa kila mtu kwa zamu. Hakuna anayefungua mdomo mpaka kitu kimrudie mwenyewe. Hapo ndipo mkubwa husema neno moja, la kweli au la bandia, na wengine hufuata.

Mimi nilikuwa nakaa nyuma yao kwenye kigoda cha plastiki, nachungulia juu ya mabega. Miezi minane! Nikiomba kuweka changu juu ya mahameli, yule mkubwa wao alinipungia mkono bila hata kugeuka. "Bu xing." Haiwezekani. Neno hilo nimelisikia madukani mara elfu, na halijawahi kuniuma. Pale liliniuma.

Halafu Jumapili moja, wakati tunashuka ngazi, mzee huyo akanigeukia. "Wiki ijayo lete kimoja," aliniambia kwa Kichina cha polepole, ili nisije nikasingizia kwamba sikumwelewa. "Kikiwa cha kweli, tutakuongezea kiti. Kikiwa cha bandia, pengyou, rafiki yangu, utatuacha tunywe chai yetu."

Sitaficha: nilikitaka kiti kile mpaka usingizi ukapungua. Nikachagua Msalaba wangu wa Chuma wa majani ya mwaloni, nilioupata kwa Mjerumani mmoja aliyekuja kwenye maonyesho ya biashara kuuza mashine za kushonea. Ulikuwa wa baba yake. Fremu yake ya fedha ilikuwa imefifia na kuwa ya kijivujivu, vile vile inavyotakiwa kwa kitu kilichoishi. Mkusanyaji yeyote atakwambia weusi ule wa miaka ndio roho ya nishani.

Jumamosi nilikwenda soko la nguo la Shahe kutafuta mashati ya walinzi. Niliporudi adhuhuri nilimkuta dada wa Unguja tunayekaa naye nyumba moja, mwenzangu wa siku nyingi, amekaa mezani anatabasamu. Mbele yake ndimu iliyokamuliwa, jivu la chetezo alilolipepeta likawa laini, na Msalaba wangu. Unawaka! Unawaka kama sinia la shaba siku ya harusi.

"Umefanya nini?" Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

"Nini tena? Nimekusafishia," alisema. "Wewe kesho unakwenda mbele za watu wazima na kitu kimeota kutu kama mfuniko wa sufuria? Mie nimeona haya kwa niaba yako."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Naye alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaenda jikoni kuosha mikono. Nilipotulia nikamwomba radhi, maana ni kweli: kwetu, hata mwenye dhiki hutoka na viatu vilivyopigwa rangi. Angejuaje kwamba kuna watu duniani wanaoheshimu uchafu?

Kitu kingine cha kuchukua nilikuwa nacho. Lakini nilikuwa nimekwisha kumwambia mzee kwa simu kwamba nitaleta wa majani ya mwaloni, na kubadilisha ingekuwa kukubali kwamba una kasoro. Nikaenda nao hivyo hivyo, unawaka.

Mahameli ilizunguka. Kila mzee aliushika sekunde chache tu, na hilo peke yake lilikuwa jibu. Uliponirudia, mkubwa hakuangalia uso wangu. "Wa bandia," alisema. "Umetoka kiwandani jana."

Nilisimama. Najua sauti yangu ilikuwa juu, kwa sababu mhudumu aliyekuwa akisukuma kigari cha vikapu alisimama pia. "Umesafishwa jana, laoban, mkubwa wangu," nilisema. "Ndugu yangu ameusugua kwa ndimu na jivu. Kosa ni letu. Lakini haukuzaliwa jana."

Wakacheka, wawili wakafunika midomo. Mmoja akatoa sumaku, akaugusisha, ukanasa. Mzee akatikisa kichwa: siku hizi hata wa bandia hutiwa chuma katikati. Hapo nikakumbuka kwamba nimekuwa nikijibu kwa lugha yao, lugha ya chuma, wakati mimi mkate wangu ni nguo.

Nikaugeuza utepe, ule ukanda wa kitambaa wa kuitundikia nishani kifuani. Kule Shahe kila muuzaji hukuapia kwamba kitambaa chake ni chunmian, pamba tupu. Humbishii. Unachomoa uzi mmoja, unauwasha. Ndivyo nilivyofanya: nikachomoa uzi kwenye pindo la ndani, nikauwasha kwa kiberiti cha gesi cha mmoja wao. Uliungua upesi kwa harufu ya karatasi, ukaacha jivu laini lililopotea kidoleni. "Si poliesta," nilisema. "Poliesta ingeyeyuka."

"Utepe wa zamani unaweza kufungwa kwenye chuma kipya," alisema mzee.

"Unaweza. Basi tazama huku." Nikaufunua utepe pale unapopita ndani ya pete ya nishani, sehemu ambayo ndugu yangu hakuifikia. Pete ilikuwa bado nyeusi kwa ndani. Na kwenye utepe, upande usioonekana, kulikuwa na doa la rangi ile ile, umbo la pete lile lile, limezama mpaka kwenye nyuzi. "Doa hili halipakwi kwa brashi, laoban. Hawa wawili wamelala pamoja miaka mingi."

Mzee akachukua lenzi yake ya saa, akaibana jichoni. Alikaa nayo muda mrefu. Kisha akausukuma Msalaba uzunguke mara ya pili, na safari hii kila mtu aliushika kwa vidole viwili.

"Wa kweli," alisema ulipofika tena kwangu.

Nilidhani yameisha. Lakini mzee akaingiza mkono kwenye mkoba wake, akatoa kijisanduku ambacho wote tulikijua: Msalaba wake wa Chuma wenye swastika, wa kwanza kuununua maishani, ambao kwa ajili yake meza ile ilianzishwa. Akauweka mbele yangu. "Na huu," alisema. "Fanya ulivyofanya."

Nilichomoa uzi. Nikauwasha. Ulijikunja, ukatoa moshi mweusi, ukawa kishanga kigumu chenye harufu ya plastiki. Wote tuliisikia. Nimeishi China vya kutosha kujua heshima ya mtu mzima, wanayoiita uso, ni nini, tena mbele ya marafiki zake. Ningeweza kusema uzi mmoja hautoshi. Lakini kiti cha kupewa kwa uongo ningekikaliaje?

"Utepe ni wa juzi, laoban," nilisema. "Chuma sikijui. Chuma mnakijua ninyi."

Mzee aliufungua utepe ule taratibu, akauweka kwenye sahani ya majivu, akautazama Msalaba uliobaki mtupu. Kisha akamwita mhudumu alete kiti, chenye mgongo, na wale watano wakasogea. Nilikaa katikati yao na nikajivuna, nikajivuna waziwazi, sikuinamisha kichwa.

Iliyofuata ilikuwa nishani ya mzee wa kushoto kwangu. Mkubwa hakuigusa. Aliisukuma mahameli moja kwa moja mpaka mbele yangu, na nilipounyanyua utepe kuugeuza, nikamwona mwenye mali anameza mate kwa hofu.