Ndani na Nje

Yusta alipotoka kwao milimani Mbeya kwenda Mafinga kwa Damari, mdogo wake mama yake, aliambiwa ni kwa muda tu: awalee watoto mpaka Isaka, mkubwa wao, aanze darasa la kwanza, kisha yeye Yusta apelekwe chuo cha ualimu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yusta jembe alikabidhiwa siku ya kwanza, tena kabla ya chai.

Sebuleni palikuwa na tenki la samaki. Baba Isaka, mwenye mashine ya kupasua mbao, alilinunua Dar kwa furaha zake, akasahau kwamba samaki wa nchi ya joto hawaivi chungu kimoja na baridi ya Mafinga. Umeme ukikatika, hita ya kupasha maji inazima, na lazima mtu awepo atumbukize chupa za maji ya moto, la sivyo samaki wanaelea. Mtu huyo alikuwa Yusta. Wenzake walikwenda kanisani na sokoni. Yeye alibaki kuulinda umeme.

Basi tenki lililomfunga akaligeuza darasa. Isaka na mdogo wake, Blessing, walihesabu samaki, wakataja rangi zao, wakajifunza kungoja zamu ya kulisha. Mmoja alipokufa walimzika nyuma ya jiko, Blessing akaelewa kwamba huyo hahesabiwi tena. Mchezo walioupenda zaidi ulikuwa wa ndani na nje: mmoja anataja kitu, mwingine anasema kilipo. Yusta aliipenda kazi hiyo, na hapo ndipo alipojikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, alikuwa ameshakunja nguo zake. Jumapili akaja mgeni, mwalimu Apolonia wa chekechea. Aliwasikiliza watoto, akastaajabu, akamuuliza Blessing nani anawafundisha.

"Dada."

"Dada yenu wa kuzaliwa, au dada wa kazi?"

Blessing alimtazama mama yake. Damari akacheka kidogo. "Dada tu, mwalimu. Dada wa hapa nyumbani."

Yusta, trei ya chai mkononi, alingoja asikie "mtoto wa dada yangu." Hakusikia, na ilimuuma sana.

Mgeni alipoondoka, Yusta alikumbushia habari ya chuo. Damari hakukasirika; heri angekasirika. Alijishika tumbo, ambalo lilishaanza kuonekana, akasema kwa upole, "Na huyu, mwanangu, nani atamfundisha?"

Yusta alitaka kulia. Alijibu, "Sawa, mama mdogo," maana kwao mkubwa habishiwi. Umeme ukakatika. Akachemsha maji, akajaza chupa, watoto wakamfuata kwenye tenki. Leo Isaka ndiye aliyetaka kuwa mwalimu.

"Samaki?"

"Ndani," Blessing akajibu.

"Baba?"

"Nje."

"Dada?"

Blessing alifikiri. Siku hizi hakosei.

"Ndani."

Isaka akamgeukia Yusta, aseme kama ni kweli.

"Vizuri," Yusta akasema, akatumbukiza chupa nyingine.