Mteja wa Jumatatu

Msusi huyu alikuwa amefumua vichwa vya watu kwa miaka ishirini na sita. Mtaani walimwita Vidole, kwa jinsi vidole vyake vilivyojua kuingia kwenye msuko wa mwezi mzima na kutoka bila mteja kusema ah. Kitu kimoja tu kilimtoa jasho: mbwa. Akimwona mbwa mbele yake alivuka barabara, hata kama duka analoliendea liko hatua mbili.

Basi kaka yake mkubwa akateleza bafuni, akavunjika nyonga, akalazwa. Alikuwa mgane, nyumbani hana mtu ila Blanketi, mbwa mkubwa wa manyoya mazito, utadhani godoro lililopasuka.

"Dada, nani atamlisha?" aliuliza kaka kutoka kitanda cha hospitali.

"Mimi," akajibu Vidole, kisha akageuka kuona ni nani aliyesema.

Wiki saba alimlisha kwa kusukuma sufuria kwa mpini wa fagio. Kaka alizoea kumchana kila siku. Yeye hata kumgusa hakuthubutu. Manyoya yakaanza kujisokota, kwanza nyuma ya masikio, kisha kwapani, kisha mapajani, yakawa mafundo magumu kama kokwa. Asubuhi moja akamwona Blanketi anachechemea. Na kaka anaruhusiwa wiki ijayo!

Akamwita daktari wa mifugo, mwanamke kijana mchangamfu, naye akampapasa mbwa mguu mzima.

"Mama, mfupa hauna shida. Ni hili fundo la kwapani, linamvuta ngozi kila akipiga hatua. Ni kama wewe usukwe kwa kubanwa mno, halafu uambiwe ukimbie."

Maneno hayo yalimchoma Vidole. Vichwa vya namna hiyo alikuwa amevipokea vingi, vikitoka kwa wasusi wengine, wenye navyo wakilia.

"Nimnyoe mwili mzima?" daktari akauliza. "Ni kazi ya muda mfupi. Ila manyoya haya yakinyolewa mpaka chini, huenda yasirudi kama yalivyokuwa. Kuyafumua ni shughuli ya siku nzima, na sijui nani ana subira hiyo."

"Mimi hapa. Kufumua ndiyo kazi yangu." Akamtupia mbwa jicho. "Ataning'ata?"

"Mbwa yeyote akiumia anaweza. Kwa hiyo usimuumize."

Daktari akanyoa kwa mashine lile fundo la kwapani, akaonya: mkasi usikaribie ngozi, wala mbwa asioshwe kwanza, maana fundo likilowa hukaza.

Jumatatu saluni hufungwa. Vidole akamleta Blanketi, kamba ameishika kwa ncha za vidole kama waya wa umeme. Akamlaza kwenye mkeka, akanyunyiza unga kidogo wa wanga kwenye fundo la kwanza ili manyoya yateleze, akashika manyoya pale shinani ili mvuto uishie mkononi mwake usifike kwenye ngozi. Akalipasua fundo taratibu, kisha akaingiza chanuo kuanzia nchani. Mdomo nao ukaanza kazi yake ya kila siku.

"Ulikuwa unalala upande gani wewe, mbona hapa pameharibika hivi?"

Blanketi akanguruma. Vidole akaganda. Kisha akaona kosa ni lake.

"Samahani, nimevuta," akasema, kama ambavyo angemwambia mteja yeyote.

Mbwa akamlamba kifundo cha mkono. Vidole akangoja yowe limtoke mwenyewe. Yowe halikuja.

Mteja wake wa siku nyingi, mwalimu mstaafu, akachungulia mlangoni. "Kumbe Jumatatu mnafungua?"

"Kwa wenye miadi tu."

"Na huyu aliweka miadi lini?"

"Wiki saba zilizopita, mwalimu. Mimi ndiye niliyemchelewesha."

Ilikuwa kazi ya siku mbili, na mapumziko mengi, kwa mbwa na kwa mgongo wa msusi. Mafundo mawili ya mkiani yalimshinda kabisa. Daktari akayanyoa, na mkia ukabaki na mapengo.

Jumamosi kaka akarudi kwa magongo. Blanketi akamkimbilia bila kuchechemea. Kaka akaupitisha mkono nyuma ya masikio ya mbwa, vidole visikwame popote.

"Nani kamchana?"

"Mimi."

"Wewe? Uliyepanda juu ya meza siku ya harusi yangu kwa sababu ya kitoto cha mbwa?"

"Meza yenyewe ilikuwa imara." Kisha Vidole akainamisha macho. "Kaka, nilimwacha mpaka akaumia. Nilikuwa naogopa kumshika."

"Si ungesema tu!"

"Ningeonekanaje?"

"Kama mtu anayeogopa mbwa," kaka akasema, na kicheko kikawapata wote wawili hata kaka akalazimika kushika nyonga yake.

Kwa kuwa hakuweza kuinama kwa miezi kadhaa, wakagawana kazi: Vidole akichana, kaka kitini akisimulia vituko vya wodini. Mara nyingi uchanaji uliisha hadithi ikiwa katikati, wakaongeza chai.