Akili Isiyokaa Kitako

Kwao Nanganga walimwita Upepo. Shamimu alikuwa bado msichana wa darasa la nne, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na tayari walimu walikuwa wamechoka naye. Hakuwa mkorofi. Swali likiulizwa alijibu kabla halijaisha, na mara nyingi alipatia. Ila akipewa hesabu, ya kwanza aliifanya vizuri, ya pili akaiacha njiani kwa sababu nje kulikuwa na kunguru anayehangaika na ganda la muhogo. Fimbo alizila za kutosha. Nyumbani alitumwa maji akarudi na kuni, ndoo kaiacha kisimani.

Alipoolewa na Rahimu, mkulima wa upande wa Mnero, alijiapiza kwamba ugenini atakuwa mtu mwingine. Rahimu alikuwa mtu wa taratibu, mwenye maneno machache, na alimpendea ucheshi wake. Msibani Shamimu ndiye aliyetangulia kushika mwiko. Arusini alitunga nyimbo papo hapo, watu wakashika mbavu. Lakini nyumbani mboga ziliungua, kuku walilala nje wakaliwa na kicheche, na maneno ya mumewe aliyakata katikati kabla hajajua mwenzake alikuwa anaelekea wapi.

Mwaka mmoja ufuta uliwafikisha pabaya. Rahimu aliitwa Ruangwa kumuuguza kaka yake, na ufuta ulikuwa umekwisha kukomaa. Ukichelewa kuukata, maganda hupasuka na mbegu zote humwagika.

"Mama Shakila, nakuachia shamba," alimwambia. "Usiniangushe."

Hakukusudia kumwangusha. Asubuhi alikwenda na mundu akakata kwa kasi ya kutisha. Mara mpini ukalegea, akaupeleka kwa fundi. Njiani akawakuta kina mama wanatwanga mahindi ya arusi, akashika mchi mpaka jua likazama. Kesho yake alianza upande mwingine wa shamba, aliokwisha kuukata akauacha bila kuufunga. Siku iliyofuata, akiwa shambani, akakumbuka ufa wa jiko, akarudi kukanda udongo. Kila siku alilala mgongo unamuuma, na kila siku kazi ilikuwa pale pale. Rahimu aliporudi, maganda yalikuwa wazi, na njiwa wanaokota chini.

Hakumpiga wala hakufoka. Aliinama, akachota udongo uliochanganyika na mbegu, akautazama.

"Kumbe hunijali," alisema.

Neno hilo lilimkaa Shamimu kifuani miaka. Angemwita mvivu, angevumilia. Alikuwa ameitwa hivyo tangu utotoni. Lakini alimjali, na hakuwa na njia ya kulithibitisha. Mama mkwe wake, Bi Moza, alimpeleka kwa mganga. Alifukizwa, akaogeshwa mizizi, akaambiwa ana jini la ukoo. Alitulia siku chache kwa woga, kisha mambo yakarudi kama yalivyokuwa.

Shakila, binti yao, alipofika darasa la tatu, mwalimu wake, Bonifasi, alimwita mama mtu shuleni. Shamimu alikwenda akijua atakachoambiwa: mtoto hakai kitini, hamalizi kazi, anapoteza kalamu. Kumbe Mwalimu Bonifasi hakutaka kulaumu. Alimwambia kwamba kuna muuguzi aliyesomea afya ya akili, hufika zahanati kila mwezi.

"Mtoto huyu ana akili," alisema. "Mpeleke tu akaangaliwe."

Muuguzi huyo, Sista Prisca, alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alicheza kidogo na Shakila, kisha akamgeukia mama. Je, mtoto huanza jambo akalisahau? Hupoteza vitu? Huingilia wenzake wakiongea? Hukaa kama aliyekalia siafu? Shamimu alianza kujibu, machozi yakamtoka.

"Mbona unalia, mama?"

"Sista, huyo unayemuuliza ni mimi."

Prisca aliweka kalamu chini. Siku hiyo na safari zilizofuata aliuliza mengi, kuhusu utoto wake, shule na ndoa. Ndipo akamweleza: si jini, si uvivu, si malezi mabaya. Wako watu ambao ubongo wao hupata shida kushika jambo moja na kutulia nalo, na mara nyingi hali hiyo hutembea katika ukoo. Dawa zake zipo duniani, ila huku hazipatikani.

"Siwezi kukuahidi kwamba itaondoka," alisema. "Lakini tunaweza kuongea na kufanya mazoezi, ukajifunza kuishi nayo. Na mwenzio aje."

Rahimu alikuja, akaketi na kofia yake mapajani. Prisca alimwomba Shamimu asimulie habari ya ufuta. Alipomaliza, Rahimu alimgeukia.

"Kumbe ulikuwa unakwenda shambani kila siku?"

"Kila siku, baba Shakila."

"Mimi nilidhani ulikaa arusini tu." Akajikuna shavu. "Nisamehe kwa lile neno."

Mazoezi hayakuwa makubwa. Shamimu alianza kulima bega kwa bega na jirani yake Fatu, kwani mbele ya mwenzake mikono yake ilitulia. Walikata kipande kidogo cha ufuta, wakakifunga na kukisimamisha kikauke, ndipo wakahamia kingine. Wazo jipya likimjia alilisema kwa sauti, Fatu akajibu, "Lisubiri," wakaendelea. Shuleni Shakila alikalishwa mbele, akawa anatumwa kufuta ubao ili anyooshe miguu. Kazi kubwa zaidi ilikuwa kuacha kujitukana. Hiyo Shamimu aliifanyia mazoezi kuliko zote, na siku nyingine ilimshinda.

Mavuno hayakupotea tena yote. Bi Moza hakuacha kuamini jini lake, nao hawakubishana naye. Baadaye Prisca alihamishwa, akaja mwingine, kijana, ambaye Shamimu alimzoea polepole.

Mwaka mmoja baadaye mama mmoja aitwaye Rosa alimjia. Mwanawe alikuwa amefukuzwa darasani mara kwa mara, naye alisikia kwamba Shamimu anaijua dawa yake.

"Dawa siijui, dada yangu," alisema Shamimu. "Ninayemjua ni muuguzi. Akija, nitakusindikiza."

Siku ilipofika, Rosa alisubiri njia panda mpaka akachoka, akaamua kumfuata nyumbani. Alimkuta Shamimu yuko juu ya mti, anachuma maembe mabichi ya achari.

"Yarabi!" Shamimu alipiga kelele, akateremka mbiombio. "Afadhali umenifuata. Ngoja nivae viatu twende."

Kimoja kilionekana. Cha pili walikitafuta pamoja.