Nani Anapiga Makapi?

Siku ninayoikumbuka kila nikisikia spika ikikoroma hapa Izia, mwanangu, ni ile Jumamosi ya kupura ulezi, bibi yangu Skolastika alipotoa mrija wa pombe mdomoni, akaufuta kwa kanga, akasema mbele ya umati wote, "Zimeni hicho kitu. Nani anapiga makapi?"

Mimi ni Odilo, yule wa mashine ya kusaga. Shule niliishia la saba, kwa hiyo usitegemee mambo ya vitabu. Lakini sikio ninalo, na kinyongo ninacho, na leo nitavitumia vyote viwili. Watu huniambia, "Mzee Odilo, yaliyopita si ndwele." Yangu ni ndwele, mwanangu, na walioniambukiza nawataja: Gaudensi na Pankrasi. Wote wazima, na wote wanakula ugali wa mashine yangu.

Tulikuwa vijana watatu, miaka ile kompyuta zilipoanza kupanda Ufipa. Tukajiita Lyamba Famili, kwa jina la ule ukingo mrefu ambako nchi yetu ya juu inakatika ghafla na kushuka bondeni. Gaudensi na Pankrasi walikuwa wakichana mistari, mimi nikitengeneza biti. Albamu yetu ilikuwa ya andagraundi kwelikweli. Hata redio hazikuwa na habari kwamba tunapumua. Tulirekodi chumbani kwa Filbeti, binamu yake Gaudensi, aliyerudi kutoka Mbeya na kompyuta inayokoroma kuliko mlevi. Ukutani tulitundika mablanketi, na kila jogoo wa jirani akiwika tunaanza upya.

Pankrasi alichana kuhusu bahari, magari yasiyo na paa, na wasichana wanaomlilia uwanja wa ndege. Bahari hajawahi kuiona. Maji mengi aliyokutana nayo ni ya ziwani, siku alipotumwa Kirando kununua dagaa, akatapika kwenda na kurudi. Gaudensi yeye alichana kuhusu Gaudensi.

Shida ilikuwa biti. Filbeti alikuja na biti za Mbeya, alizozikopi kwa watu waliozikopi kwa watu. Nikazikataa. Mimi nimelelewa na bibi, na usingizi wangu wa mchana utotoni ulibembelezwa na fimbo za wapura ulezi. Umewahi kuwaona wakipura? Masuke makavu yanamwagwa uwanjani, watu wanasimama safu mbili wakitazamana. Fimbo za hawa zikishuka, za wale zinapanda, na wimbo unapita katikati. Ukichelewa, unakula fimbo. Ukiwahi, unakula fimbo. Nikawaambia wenzangu huo ndio mdundo wetu, tuurekodi, tuulaze chini ya mistari.

Nikaazima redio ya kurekodia. Siku moja mchana wanawake walipokwenda kisimani, nikamtuma Pankrasi apande kwenye kihenge cha bibi ashushe masuke kidogo, tupure wenyewe. Kihenge kina ngazi, na Pankrasi ni mvivu aliyebatizwa. Akazoa yaliyokuwa yamelala chini, makapi yaliyokwisha kupurwa na kupepetwa, akayamwaga uwanjani kama vile amefanya kazi. Mimi nilikuwa nimeinamia redio, sikuona. Tukapiga. Niliporudia kusikiliza, mlio ulikuwa mkavu mkavu. Nikailaumu kaseti, nikanyamaza.

Filbeti aliposikia biti zangu akatoa hukumu. "Jumamosi tunapiga albamu nzima kwa bibi yako, watu wakija kunywa. Wakitikisika, biti zako zinabaki. Wasipotikisika, Odilo, nazifuta zote, nabandika za Mbeya, na wewe katika kundi hili utakuwa huna kazi."

"Sawa kabisa!" wakaitikia Gaudensi na Pankrasi kwa pamoja, haraka mno, kama watu waliokwisha kukaa kikao.

Basi Jumamosi ikafika. Spika tuliiazima kwa mwalimu wa kwaya, tukimwambia ni kwa mambo ya familia. Wazee wamezunguka vibuyu, pombe ya ulezi imemiminiwa maji ya moto, mirija inafanya kazi. Wenzangu wawili wamevaa miwani myeusi, jua lenyewe limejificha. Wimbo wa kwanza ukaanza.

Hakuna aliyetikisika, mwanangu. Hata kuku.

Mjomba mmoja akaielekeza spika kidole. "Huyu kijana ndani humu amegombana na nani?"

"Mwache," akajibu mwenzake, "pengine kafiwa."

Moyo wangu ulikuwa umefika kwenye kandambili. Ndipo bibi alipouliza hilo swali lake la makapi.

"Bibi, hiyo ni hip hop," Gaudensi akamwelewesha, kwa sauti ya kumwonea huruma.

"Hayo majina ni yenu. Mimi nauliza hapo chini. Fimbo inashuka, inagonga, haizami. Hamna punje. Hayo ni makapi ya uwanja wangu, nayajua kama ninavyojua kikohozi cha marehemu babu yenu."

Watu wakaangua kicheko. Pankrasi akainua mikono juu. "Oya, mmesikia wenyewe? Hata bibi kazikataa biti za Odilo!"

"Nyamaza wewe! Kumbe hapo juu anayepiga kelele ni wewe? Nilidhani mtu kaingiliwa na siafu. Aliyepiga fimbo mkono anao, tena mzuri. Mwizi ni aliyemletea makapi. Nani aliyeyaleta?"

Mimi nikamtazama Pankrasi. Pankrasi akatazama upande wa Kirando.

Kisha bibi akanigeukia mimi. Kwetu bibi na mjukuu ni watani, bibi humwita mjukuu mume wake; lakini siku hiyo utani ulikuwa na miiba. "Na wewe, mume wangu, ulisikia kwamba ni kavu, ukakaa kimya. Sasa umesimama hapo unahesabu vichwa vya watu badala ya kusikiliza ulichopika. Ngoma husikilizwa kuanzia mguuni. Maneno hudanganya, maana yana mwenyewe. Fimbo inamdanganya nani?"

Akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akaamuru masuke mazima yashushwe kutoka kihengeni, na aliyepanda ngazi ni Pankrasi. Mimi nikaiweka redio juu ya kinu kilichopinduliwa, nikabonyeza, nikaingia safu ya wanawake. Gaudensi na Pankrasi wakawekwa safu mbili tofauti, wakitazamana.

"Vueni hayo madude machoni," bibi akasema. Gaudensi akavua.

"Bibi, hii ni staili," akasema Pankrasi.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi siku hiyo niliiona methali ikitembea. Vumbi la ulezi likapanda, wimbo ukakolea, fimbo zikazama kwenye masuke, *dufu, dufu,* na chini yake punje zinachururika kama mvua inayojaribu kuanza. Pankrasi, ndani ya giza lake la kununua, akasogea hatua mbele. Fimbo ya Gaudensi ikampata katikati ya muundi wa mguu.

"Mama yanguuu!"

Unajua wanawake walifanya nini? Hawakukosa pigo. Walikipokea kile kilio kama kiitikio, wakakirudia, "Mama yanguuu," fimbo zikashuka. Mimi nilitaka kusimama nicheke, nikasikia bibi nyuma yangu akinihimiza kwa Kifipa, "Odilo, mume wangu, usisimame, piga!" Nikapiga.

Filbeti aliingiza kaseti ile kwenye kompyuta, akaacha kilio cha Pankrasi kirudi kila mzunguko wa biti. Tulipoipiga tena kwa bibi, watu walitikisika mpaka vibuyu vikahamishwa. Mwalimu wa kwaya alikuja kudai spika yake kwa hasira, akaondoka bila spika, amelowa jasho. Filbeti akanipigapiga begani akasema biti zimebaki. Nikalala usingizi wa mfalme.

Kisha kava likatoka. Mwanangu, shika moyo. Limeandikwa: *Biti zote: Gaudensi na Pankrasi.* Na chini kabisa, kwa herufi za kuombea msamaha: *Shukrani kwa Odilo, kwa chai.*

Kwa chai! Na hata hiyo chai sikuwahi kuipika mimi.

Nikamfuata Gaudensi. "Mshikaji," akaniambia, "nafasi ilikuwa ndogo." Nafasi ndogo, na picha ya viatu vyake imechukua nusu ya kava. Kaseti yangu nikaitupa chooni, nikaapa sitaisikiliza ile albamu mpaka nafukiwa. Gaudensi akaendelea kunenepa na jina. Mpaka juzi alikuwa akialikwa harusini kama mwanzilishi wa biti za Ufipa, anakaa meza kuu, analetewa paja. Mimi nasaga. Bibi akafariki, uwanja wake ukajengwa nyumba, na kwa miaka yote hiyo nikawa mtu wa kununa kila muziki ukipita barabarani.

Sasa msimu huu akaja binti mmoja mashineni na mahindi ya mama yake, spika za masikio zimemfunika kama mshona viatu aliyevaa soli. Jina lake Restituta. Wewe unamjua: ndiye prodyuza wa hii albamu ya *Vumbi la Juu*, aliyoitengeneza sebuleni kwao, ambayo ninyi vijana mnaibeza eti mistari yake ya kawaida. Kwenye foleni mama mmoja akapiga ukelele, "Odilo! Mbona unga wangu umekuwa chenga?"

Binti akashusha spika shingoni. "Shikamoo, mzee. Odilo ni wewe?"

"Marahaba. Kama ni malalamiko, lalamikia mawe ya mashine."

"Hapana, mzee. Namtafuta Odilo mume wa bibi. Lakini huyo atakuwa amekwisha kufa."

Nikazima mashine. Watu wakaguna. Akanieleza kwamba aliokota kaseti kuukuu kwenye sanduku la mama yake, akaisikiliza kwa spika nzuri, akayapunguza yale makelele ya juu mpaka ikabaki biti peke yake. Na akaikata, akaiweka kwenye albamu yake. "Kuna bibi chini kabisa," akasema. "Anaongea Kifipa. Sikiliza." Akanivika masikioni.

Mwanangu, naomba uisikilize kama nilivyoisikiliza mimi, nimesimama na unga kuanzia kope mpaka vidole. Kwanza amekuachia upepo mtupu, ule wetu wa juu usio na mti wa kuuzuia. Kisha besi inaingia polepole, nzito, kama mkanda wa mashine unapoanza kuvuta. Halafu fimbo: safu moja sikio la kushoto, safu nyingine la kulia, na wewe umesimama katikati unaogopa kupigwa. Ameweka na mchakacho wa ungo juu, mwembamba, wa kupepeta. Na hakujaza kila pengo. Ameacha mahali pa kuvuta pumzi, na hapo penye kimya ndipo shingo yako inajikuta inatikisika bila ruhusa. Pankrasi akalia, "Mama yanguuu!" Na nyuma ya kilio, chini, mbali, sauti ambayo nilikuwa nimeizika: "Odilo, mume wangu, usisimame, piga!"

Machozi yakakutana na unga usoni, nikawa na uji.

Jina langu lilikuwa mle ndani wakati wote. Gaudensi na Pankrasi hawakulifuta kwa sababu hawajawahi kuisikiliza biti. Walikuwa wakijisikiliza wao. Na mimi, mwenye jina, nililitupa chooni kwa hasira.

"Kwa hiyo mzee hukufa," binti akasema.

"Waliniua kwenye kava tu."

Albamu yake sasa inasema: *Fimbo na biti ya awali: Odilo. Sauti: Bibi Skolastika.* Wimbo ule ulipigwa kwenye harusi moja Gaudensi akiwa meza kuu, na mtu akauliza kwa sauti, "Huyo Odilo anayehimizwa kupiga ni nani?" Nimeambiwa paja lilimkwama. Naye Pankrasi amekuja mashineni akichechemea kwa kumbukumbu, anadai kile kilio ni mali yake aandikwe. Nimemwambia hilo ni haki, kilio ni chake. Mimi si mwizi kama wao.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukiletewa albamu, usiikimbilie mistari ukaipima kwa maneno kama hakimu. Mara ya kwanza waache wenye maneno wajisemee, wewe sikiliza mguuni: nini kimezama, nini kimegonga juu juu, wapi mtu ameacha nafasi na kwa nini. Usisikilizie kwenye kispika cha simu. Huko ni kuonja mchuzi kwa kisigino. Ukisikia pakavu, sema mapema, hata kama biti ni yako. Kisha uliza nani ameipiga, maana kava huandikwa na mwenye kalamu, na biti huandikwa na mwenye mkono. Na ukidhulumiwa, mwanangu, nuna, ni haki yako, mimi bado nanuna; ila usizibe masikio. Niliyaziba, na bibi yangu akaniita miaka yote hiyo bila kuitikiwa.

Nenda sasa. Mungu akupe sikio lisilodanganyika na mkono usiochelewa pigo. Masuke yako yawe na punje, anayekutazama safu ya pili awe na macho yaliyo wazi, na siku utakapochoka, awepo wa kukuambia usisimame.