Safari ya Mombasa Kuthibitisha Kwamba Mimi ni Mgeni

Niliondoka Garsen kwa sababu Bwana DC alikuwa ameniambia, kwa upole wa mtu ambaye jambo halimgusi, kwamba pasi yangu ya ukaazi haitaongezwa tena. Nilizaliwa Kismayu, upande wa Mtaliano, na katika miaka ile ya hamsini mtu wa huko alihesabiwa mgeni katika Koloni la Kenya, hata kama duka lake, mkewe na watoto wake walikuwa Garsen. Nirudi nilikotoka, alisema, au niombe uraia. Kismayu sikuwa na hata mtu wa kunipokea mzigo. Nikamwandikia wakili mmoja wa Kihindi huko Mombasa, naye akajibu kwamba maombi atayatengeneza yeye, tangazo litatiwa gazetini ili mwenye pingamizi ajitokeze, nami nije na shahidi anayeyajua maisha yangu tangu nilipoingia nchini.

Shahidi wa namna hiyo alikuwa mmoja tu. Mzee Barisa, mfugaji wa Kiorma, ndiye aliyeniokota nyikani katika ujana wangu nikiwa nimeishiwa maji. Alinilea, kisha akaniingiza katika ukoo wake mbele ya wazee. Nilipofika wakati wa kuoa alinitafutia mke katika ukoo mwingine, kwa kuwa wasichana wa ukoo wake walishakuwa dada zangu. Nilipomweleza kuhusu safari aliuliza swali moja tu: ng'ombe wataachiwa nani.

Alfajiri, Garsen. Tulipanda lori lililobeba ngozi. Mto Tana ulikuwa umejaa lakini haujamwagika, kwa hiyo barabara ilikuwa bado inapitika. Harufu ya ngozi ilinishinda. Mzee Barisa alisema hiyo ndiyo harufu ya mali, akalala usingizi mpaka Malindi.

Malindi, jioni. Tulilala kwa muuza nguo mmoja ambaye hununua samli kwangu. Alituandalia wali na samaki. Mzee alimtazama samaki, na samaki akamtazama yeye.

"Huyu nyoka ya maji," akasema, "mimi hapana kula."

"Usijali, mzee wangu," mwenyeji akajibu huku akicheka, "karibu maziwa." Yakaletwa maziwa, na mzee akayanywa bila kuyasifu.

Mtwapa, siku ya pili. Kivuko kilivutwa kwa mnyororo na wanaume waliokuwa wakiimba. Mzee aliwasikiliza kwa makini, akaniuliza kama wanalipwa kwa kuvuta au kwa kuimba. Upande wa pili alitazama kushoto na kulia akitafuta majani, na kuanzia hapo alikuwa ameshaihukumu Mombasa.

Mombasa. Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofani. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye haraka, aliyezoea kuuliza na kuandika kwa wakati mmoja.

"Bwana huyu unamjua, mzee?"

"Namjua."

"Tangu lini?"

"Tangu ndevu haijatoka."

"Mtu mwema?"

"Mwema sana. Lakini kukamua hajui."

Wakili akaridhika, nami nikaridhika. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza lile swali ambalo tuliona jibu lake linajulikana.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda mbele ya afisa wa serikali, Mzungu aliyesema Kiswahili cha amri. Aliyasoma maombi yangu, kisha akamgeukia Mzee Barisa.

"Huyu alizaliwa wapi?"

"Nyumbani kwa mimi."

Afisa akainua kichwa. "Mama yake ni nani?"

"Bibi yangu. Anaitwa Hawo. Yuko."

Wakili alianza kusema, afisa akamzuia kwa mkono. Karatasi inasema Kismayu, alisema, na shahidi anasema Tana. Mmoja wetu, mimi au mzee, ni mwongo, na uongo wa kiapo una jela yake. Alitupa mpaka kesho.

Alasiri tuliketi kwenye benchi nje ya ofisi ya wakili. Wakili, ambaye haraka ilikuwa imemtoka, alizungumza polepole.

"Sikiza, mzee. Sheria hii ni ya kumpokea mgeni. Kama si mgeni, hakuna wa kupokewa. Ukisema ni mwanao, watamfukuza."

"Mimi nimeapa mbele ya wazee," akasema Mzee Barisa. "Kwa sisi, mtu akipewa ukoo, alikotoka haitajwi. Nikisema yeye ni ya watu wengine, mimi nimemfukuza. Serikali inafukuza na lori, mimi nafukuza na mdomo. Gani mbaya?"

Wakili alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyesomea sheria hiyo. Nilikasirika. Wakati wote nilikuwa nikihofu kwamba pengine kuna mtu atakayesoma lile tangazo la gazetini aseme mimi si mwema. Kumbe aliyekuwa akiniangusha ni yule anayenipenda.

"Baba," nikamwambia, "nikipelekwa Kismayu, siku ukifa sitakuwapo kukuzika."

Aliondoka kwenda kuswali, na aliporudi alizungumza habari za malisho tu.

Kesho yake, mbele ya afisa, Mzee Barisa alikataa kiti. Alisimama akiutazama ukuta.

"Huyu ni mgeni," akasema. "Ametoka Kismayu. Alikuja kwangu na kiu. Mama yake mimi simjui."

Afisa akaandika. Wakili akashusha pumzi. Nilikuwa nimesafiri mwendo wote ule ili maneno hayo yasemwe, na yaliposemwa yaliniuma kama msiba. Nilitamani kumshika mkono yule mzee, lakini tulikuwa mbele ya serikali, na mgeni hamshiki mkono shahidi wake.

Kurudi. Kutoka Mombasa mpaka Malindi, na kutoka Malindi mpaka Garsen, hakuniita mwanangu wala hakuniita kwa jina. Nilimletea maji, akanywa. Nilimwambia afisa ameridhika, akaitikia kwa kichwa. Safari ya kwenda ilikuwa fupi kuliko ile.

Garsen, adhuhuri. Lori liliposimama nilidhani atakwenda nyumbani kwake kupumzika. Hakwenda. Aliwaita wazee wa ukoo siku ileile, akawakusanya, akajishtaki mwenyewe: kwamba amemwita mwanawe mgeni, mchana, mbele ya watu. Nilijaribu kumtetea, nikieleza habari za wakili na sheria. Mzee mmoja akanikatiza.

"Sababu hatujauliza. Amesema au hajasema?"

"Amesema."

Wakamtoza mtamba, anipe mimi. Nikasema sitaki, baba hana kosa kwangu, na mtamba ni mali yake.

"Ukikataa," akasema mzee yule, "umekubali alivyokuita."

Nikakubali. Mzee Barisa alikwenda zizini mwenyewe, akarudi na mtamba mwekundu, akanikabidhi kamba.

"Mpe maji, mwanangu," akasema. "Ana kiu."

Hati ya uraia kutoka kwa Gavana ilichelewa sana. Ilipofika niliitwa kwa DC, nikala kiapo cha utii, nikapewa mkono. Nimeulizwa mara nyingi nilijifunza nini katika safari ile. Nilijifunza kwamba serikali humtaka mtu ataje alikotoka ndipo impokee, na kwamba wako watu wanaompokea mtu kwa kutotaja. Nazishukuru njia zote mbili, maana bila ya kwanza nisingekuwa hapa kusimulia. Lakini siku ile niliporudi kutoka kwa DC, hati ikiwa mfukoni, yule mtamba alikuwa ameshazaa. Nikawasha moto, nikatia chuma, nikampiga ndama chapa ya ukoo wetu.