Mkunga wa Bwawani

Bonifasia alikuwa mkulima wa migomba huko Kasulo, wilayani Ngara. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika, bwawa lililochimbwa na wajenzi wa barabara likawa tegemeo la wote, wenyeji na wageni.

Siku moja uchungu wa uzazi ulimshika Bonifasia akiwa kwenye foleni ya maji pale bwawani. Zahanati ilikuwa mbali. Mkimbizi mmoja, Verediana, alitua ndoo yake, akawaomba wanawake wenzake wawazunguke na kuwakinga kwa vitenge.

"Usiogope, dada," alimwambia. "Kwetu nilikuwa mkunga."

Mtoto wa kike akazaliwa salama ukingoni. Wakamwita Priscila.

Desemba 1996 Bonifasia alisikia kwamba wakimbizi wanarudi Rwanda. Alimbeba mtoto mgongoni, akachukua ndizi mbivu, akaenda bwawani. Alimkuta Verediana akifua nguo za safari.

"Msalimie mama yako mkubwa," Bonifasia alimwambia mtoto.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Verediana alimpakata, akamshika vidole kimoja kimoja.

"Nimekuja kukushukuru kabla hujaondoka," Bonifasia alisema.

"Mimi ndiye wa kushukuru. Nilifika huku nikijiona si kitu. Siku ile ndipo nilipojiona mtu tena."

Waliketi ukingoni wakila ndizi, mtoto akirusha vijiwe majini. Kesho yake Verediana alishika njia ya Rusumo, mpakani, kwa miguu. Bonifasia alimsindikiza mwendo mrefu, akiwa amejitwika mzigo wa mwenzake kichwani.