Ngozi ya Mbuzi Kidevuni

Mpaka leo nikipita karibu na machinjio ngozi zikiwa zimeanikwa, nashika pua kwa mikono miwili, na ningekuwa na wa tatu nao ungepata kazi. Wajukuu wangu wananicheka. Wanadhani bibi yao anajidai, kwamba tangu amalize masomo ya usiku na kupewa cheti, hata harufu anazichagua. Wacheke tu. Hawajawahi kuvaa mbuzi usoni.

Mimi nimemvaa. Ilikuwa enzi za Mdachi, reli ikiwa njiani kuja Dodoma lakini haijafika, nami nilikuwa binti mdogo wa kuchunga ndama, kwetu upande wa Bahi.

Ilianza na magoti. Yalivimba yakawa kama vibuyu viwili nilivyopewa nivitunze. Asubuhi yalikuwa magumu hata mama akanibeba nje nikiwa nimekunjika vilevile nilivyolala, akaniweka juani kama kigoda. Jua likipanda yalilegea, na adhuhuri nilikuwa natembea. Kwa hiyo kila siku asubuhi nilikuwa mgonjwa, na mchana nilikuwa mwongo. Baada ya magoti, vidole. Halafu ugonjwa ukaingia mahali ambapo hakuna mtu kwetu aliyejua kwamba pana kiungo: hapa mbele ya sikio, taya linaposhikana na kichwa. Nikipiga mwayo palilia kah! kama kuni mbichi motoni. Muuguzi mmoja wa Makole, pale Dodoma mjini, alikuja kunieleza nikiwa mzee tayari: ni baridi yabisi, mama, hushika hata watoto, na ikikaa kwenye taya mdomo hukataa kufunguka na kidevu hukataa kukua. Asante sana. Ningelijua hilo kabla ya mbuzi.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa akiishi nasi katika tembe moja, alikuwa na maelezo yake.

"Mtoto huyu anaringa," alimwambia mama. "Hataki mlenda, ndiyo maana anabana meno."

Uongo, lakini si wote. Tangu dunia iumbwe nadhani nilikuwa Mgogo wa kwanza kuchukia mlenda. Mboga gani ile? Inavutika kama makamasi ya ng'ombe mwenye mafua. Unainua tonge, uzi unabaki umekuunganisha na chungu, unageuza kichwa, nao unageuka nawe. Nilikuwa nikiuona tu koo linafunga mlango.

Ila sasa hata nyama, niliyoipenda kuliko ndugu zangu, sikuweza kuitafuna. Mama, kwa huruma yake, akawa ananitafunia na kunisukumia kwa kidole. Mungu ambariki, lakini jamani! Nyama ya vuguvugu, utamu wote umebaki kwa mwenyewe, wewe umeletewa nyuzi na mate. Nilimeza huku nimefumba macho, na machozi yalinitoka ya kutosha kunyweshea zizi zima.

Ndipo akaitwa mganga wa mifupa. Huyu alikuwa fundi kweli wa miguu iliyovunjika, ya watu na ya ng'ombe. Dawa yake ilikuwa moja: anachinja mbuzi, anakata mkanda wa ngozi mbichi, anaufunga mahali palipovunjika. Ngozi ikikauka inakaza, mfupa unatulia, unaunga. Akanishika taya, akalisikia linavyolia, akatabasamu.

"Limelegea hili. Tulikaze."

Hakuna aliyeuliza inakuwaje kitu kisichofunguka kiwe kimelegea. Mbuzi akachinjwa. Mkanda ukapita chini ya kidevu, ukapanda masikioni, ukafungwa utosini, manyoya nje, utelezi ndani. Bado ulikuwa na joto la mbuzi mwenyewe.

Siku ya kwanza nilinuka kama bucha. Siku zilizofuata bucha lingenikimbia. Nzi wote wa Ugogo waliambiana, na wachache, nadhani, walisafiri kutoka Unyamwezi. Kilichokuwa kikitembea shingoni mwangu sikutaka kukijua, mpaka mdogo wangu alipopiga kelele, "Mama, dada ana funza!" Mama akawatoa mmoja mmoja kwa kijiti, naye anatapika pembeni.

Na jua letu mnalijua. Ngozi ilianza kukauka, ikanywea, ikavuta. Meno yalibanana hata ulimi ukawa mfungwa. Mama alinimiminia maziwa pembeni mwa shavu, nusu yakapita, nusu yakashuka yakalowea kwenye ngozi, yakachacha humo humo. Mbuzi aliyeoza na maziwa yaliyochacha, na pua yangu iko katikati, haina pa kukimbilia! Nilikonda. Kaniki iliyonibana mwanzo wa kiangazi ikawa inanizunguka mara mbili.

Baba hakuwapo. Alikuwa ameajiriwa kufyeka pori mbele ya reli, na alirudi akiwa na shoka begani na furaha ya kufika nyumbani. Alifika uani, akasema "Mbukwa," salamu yetu, kisha akanusa.

"Nani amekufa?"

"Bado," alijibu shangazi. "Lakini njoo umtazame."

Baba alinitazama. Alichukua kisu, akakata ule mkanda. Ulipobanduka kidevuni ulitoka na ngozi yangu kidogo. Aliutupa mbali; mbwa wetu, aliyewahi kula kiatu cha askari, aliunusa akarudi nyuma.

Tulingoja mdomo ufunguke. Haukufunguka. Ungeweza kupitisha jani la nyasi, basi.

"Aitwe mng'oaji wa meno," shangazi akasema.

Kwetu, mtoto akifikia umri ule hung'olewa meno mawili ya mbele, ya chini. Wengine husema ni uzuri, wengine husema ni ili mdomo ukijifunga uji upate njia. Wenzangu wote walikwisha kung'olewa. Mimi na mdogo wangu hapana, kwa sababu baba alikuwa ameapa. Kule relini alifanya kazi na watu wa pwani, nao walimcheka pengo lake kutwa, wakamwita dirisha. Safari moja aliporudi alisema mbele ya ukoo mzima: watoto wangu hawatachekwa na mtu.

"Nilisema hapana," baba akasema.

"Ulisema. Nasi tulisikia."

"Dada, nilisema mbele ya watu."

"Basi wale watu waje wamlishe! Ndugu yangu, hao wa pwani watamcheka akiwa hai. Akifa na meno yake yote, nani atayaona? Tutamzika akiwa amefumba mdomo."

Mama alikuwa akitazama mikono yangu iliyobaki mifupa.

Baba aliliweka shoka lake chini. Kisha akaniuliza mimi, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya tangu ugonjwa uanze: "Una njaa?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Mwiteni," akasema.

Mng'oaji alikuwa mzee mwenye kucha ndefu na ugoro mpaka kwenye kope. Mama aliniwekea mchanga wa moto ndani ya kitambaa mashavuni, na jua lilipokuwa utosini taya lililegea, nikaachama upana wa kidole. Kidole chenyewe kiliingia, cha mzee. Tumbaku, mafuta ya kondoo, na kitu kingine ambacho hata cheti changu hakinisaidii kukitaja. Baba alinishika kichwa mwenyewe. Nilisikia chuma kikigusa mfupa, kisha mlio uliofika kisiginoni. Mzee akaliinua jino la kwanza, akalifuta kwenye shuka lake lilelile alilopengea, akarudia. Nilimeza damu, ugoro, na kitu laini ambacho naomba kiwe kilikuwa changu.

Damu ilipokatika mama alileta uji, wakanipitishia kwa bua. Uliingia! Nilikunywa kama ndama. Lakini uji mtupu haumnyanyui mtu, na kitu pekee katika nyumba ile kilichoweza kuteleza penye pengo bila kutafunwa, mnakijua.

Shangazi alikuja na chungu, anacheka mpaka mabega yanaruka.

"Aliyekuwa anaringa yuko wapi? Mwambieni mlenda umemfuata."

Baba akampokonya kijiko cha kibuyu, akakichovya, uzi ukavutika toka chunguni mpaka kidevuni kwangu, kwenye kidonda cha ile ngozi. Akanionyesha pengo lake.

"Haya, dirisha mwenzangu," akasema. "Sasa tutachekwa wawili."

Mlenda ukapita pengoni, wa moto, unateleza, unachukiza mpaka tumboni. Nikautapika nusu. Nikafuta mdomo, nikaachama tena upana uleule wa kidole, nikangoja kijiko cha pili.